Jinsi ya kupiga hesabu za kasoro za atomu kwenye feroelektriki bila kudanganywa na fuwele yenyewe

Kama umeshawahi kupiga hesabu za kasoro kwenye silikoni au MgO ukajiona umeiva, karibu huku, maana huku mambo ni mengine kabisa. Kwenye silikoni unatoa atomu moja, majirani wanasogea kidogo, waliobaki wote wametulia tuli, na tofauti ya nishati unayoipata ni ya hiyo kasoro basi. Kwenye feroelektriki unatoa atomu moja na fuwele nzima inaamka, atomu zake za titani zote zinahamia upande mmoja, halafu wewe unaandika namba kwenye jedwali eti hii ndo nishati ya pengo la oksijeni, kumbe nusu yake ni ya fuwele yenyewe iliyokuwa inatafuta kisingizio cha kusogea. Hapo ndo watu wengi wanapoumia na hapo ndo nitakaa sana, hatua zingine za kawaida nitazipita mbio.

Nachukulia DFT (njia ya kukokotoa nishati ya atomu na elektroni kwa kompyuta) unaijua, yaani umeshawahi kuendesha VASP, Quantum ESPRESSO, ABINIT au programu nyingine ya aina hiyo, na una klasta ya kukimbizia kazi maana hizi sio hesabu za laptop.

Kwanza tukumbushane tunaongelea nini. Feroelektriki ni kitu chenye polaraizesheni yake chenyewe (chaji chanya na hasi zimesogea pande tofauti), ambayo unaweza kuigeuza kwa kukiwekea uga wa umeme. Mwanafizikia Valasek aliiona mwaka 1920 kwenye chumvi ya Rochelle, lakini siku hizi kazi nyingi ziko kwenye perovskaiti za ABO3 kama BaTiO3, PbTiO3 na BiFeO3, kuna LiNbO3, na tangu 2011 kuna HfO2 nyembamba iliyochanganywa na vitu kama silikoni. Kasoro sugu kuliko zote ni pengo la oksijeni, yaani oksijeni imeng'oka kama jino na nafasi imebaki wazi. Kwenye vitu vya risasi kuna pia pengo la risasi, sababu PbO inaruka kama mvuke wakati wa kuchoma kwenye tanuru. Alafu kuna wageni, chuma au manganizi imekaa kwenye kiti cha titani. Hizi ndo zinafanya kifaa kivujishe umeme, kichoke baada ya kugeuzwa geuzwa mara nyingi, au kizeeke mpaka kigome kugeuka. Kwa hiyo mtu akikuuliza unafanya nini siku nzima mwambie unatafuta jino lililong'oka.

Chagua fezi (umbo la fuwele) kabla hujachagua kitu kingine chochote

BaTiO3 ikiwa juu ya kama nyuzi 120 za Selsiasi ni kyubiki, chini ya hapo inakuwa tetragonali, ikifika karibu nyuzi 5 inageuka orthorombiki, na kwenye kama nyuzi 90 chini ya sifuri inakuwa rombohedrali. Watu wanaifanyia kazi kwenye joto la chumba kwa hiyo wanakimbilia tetragonali, au kwa sababu ni rahisi kuijenga wanakimbilia kyubiki. Shida ni kwamba DFT ya kawaida iko kwenye kelvini sifuri, na kwenye kelvini sifuri kyubiki ya BaTiO3 haijatulia, ukipiga fononi zake (mitetemo ya atomu) unakuta frikwensi za kufikirika, maana yake atomu zimekaa kileleni mwa kilima na zinangoja mtu azisukume tu. Ukitoa oksijeni moja umeshazisukuma.

Mi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki mbili hapa. Nilichukua kyubiki ya supaseli 3×3×3 (seli ndogo imerudiwa mara tatu kila upande), nikatoa oksijeni, nikaacha atomu zitulie, nikapata nishati nzuri ya chini nikafurahi. Nikapandisha mpaka 4×4×4 kuhakikisha imetulia, namba ikashuka tena, na sio kidogo. Nikadhani ni sahihisho la chaji, nikalichezea, nikabadilisha gridi ya nukta k, wapi. Hesabu yenyewe ni rahisi ukiijua: tuseme fuwele inashuka meV 20 kwa kila fomyula (yaani BaTiO3 moja) ikitoka kyubiki kwenda kwenye umbo lake la feroelektriki, seli ya 3×3×3 ina fomyula 27 kwa hiyo hiyo ni eV 0.54, na 4×4×4 ina fomyula 64 ambayo ni eV 1.28. Nishati ya kasoro inayozidi kushuka kadiri unavyokuza supaseli sio nishati ya kasoro, ni fuwele inaporomoka kutoka kileleni na pengo lako limekuwa kama mtu aliyeegemea mlango ambao haukufungwa.

Kwa hiyo kama ndo unaanza, anza na PbTiO3. Tetragonali yake inakaa imara mpaka chini kabisa, haina hizi fezi tatu nne za kukuchanganya, na uwiano wa c kwa a ni mkubwa, karibu 1.06, kwa hiyo mwelekeo wa polaraizesheni unaonekana kwa macho. Kama lazima iwe BaTiO3 basi tumia rombohedrali, ndo iliyo chini kabisa kwa nishati. Tetragonali ya BaTiO3 nayo kwenye DFT ina mtego wake, iko imara upande wa c lakini pembeni bado inataka kusogea, kwa hiyo kasoro ikivunja simetria inaweza kuzungusha polaraizesheni ikaelekea pembeni bila kukuaga. Mtu akikwambia lazima afanye kyubiki kwa sababu sampuli yake iko kwenye joto kubwa, mwambie kyubiki ya joto kubwa ni wastani wa atomu zinazochezacheza, sio atomu zilizokaa katikati kama zimepigiliwa misumari. Hiyo inataka mienendo ya molekuli, ni kazi nyingine.

Fankishonali

Fankishonali ni ile kanuni ya makadirio ndani ya DFT, na hapa kuna kosa la kizembe ambalo bado linafanyika. PBE imezoeleka, kila mtu anaiweka bila kufikiri, lakini kwenye PbTiO3 PBE inairefusha fuwele mpaka c kwa a inafika kama 1.24, yaani unapiga hesabu za kitu ambacho hakipo duniani. Tumia PBEsol kwa ajili ya umbo. LDA nayo inafaa ingawa inabana ujazo kidogo, na SCAN ni nzuri kama programu yako inaiendesha bila kulalamika. Kwa sudopotensheli (kiwakilishi cha kiini na elektroni za ndani) hakikisha titani ina elektroni zake za ndani za 3s na 3p na bariamu vile vile, na risasi iwe na 5d, usibanie hapo.

Tatizo linalobaki ni mwanya wa nishati, yaani nafasi kati ya bendi ya valensi iliyojaa elektroni na bendi ya upitishaji iliyo tupu. BaTiO3 halisi ina mwanya wa kama eV 3.2, lakini PBEsol na ndugu zake wanakupa chini ya eV 2, na hili kwenye kasoro sio la urembo, maana pengo la oksijeni lisilo na chaji linaacha elektroni mbili na mwanya ukiwa mdogo elektroni hizo zinamwagikia kwenye bendi ya upitishaji, supaseli yako inakuwa metali, na metali inaua polaraizesheni. Basi umepata fuwele iliyolala na unadhani ni kasoro imeilaza. Dawa ni fankishonali ya haibridi kama HSE06, ni ghali sana kwa atomu 135 lakini ndo inayoaminika zaidi, au uweke U (nyongeza ya msukumano wa elektroni) kwenye 3d ya titani. U ina tabia yake, ukiipandisha sana inadhoofisha muungano wa titani na oksijeni ambao ndo unaoifanya fuwele iwe feroelektriki kwanza, kwa hiyo kila thamani ya U unayojaribu rudi upige fuwele safi uone kama bado titani imehama katikati. Kama imerudi katikati hiyo U itupe.

Wengi wanafanya hivi: umbo kwa PBEsol, alafu nishati ya mwisho kwa HSE06 kwenye umbo lile lile bila kusogeza atomu. Inakubalika kama umefanya hivyo hivyo kwa fuwele safi na kwa kila kitu kingine kwenye hesabu. Usichanganye, PBEsol huku HSE06 kule, utapata namba lakini haina maana.

Kujenga supaseli na kuchagua oksijeni ya kutoa

Piga kwanza seli ndogo ya atomu 5 mpaka itulie vizuri, kikomo cha mawimbi kama eV 520 kwenye VASP ni mwanzo mzuri, gridi ya 8×8×8, nguvu zishuke chini ya eV 0.01 kwa angstromu au chini zaidi, alafu izidishe. 2×2×2 ina atomu 40, hiyo ni ya kujaribia skripti tu usije ukaichapisha. 3×3×3 ni atomu 135, 4×4×4 ni 320. Jua pia kwamba oksijeni moja kati ya 81 ni zaidi ya asilimia 1, na hiyo ni nyingi sana kwa sampuli nyingi za kweli. Ukubwa na umbo la supaseli vigandishe kwenye thamani za fuwele safi, acha atomu za ndani tu ndo zisogee. Ukiacha na seli yenyewe ibadilike umeshapiga hesabu za nyenzo yenye kasoro asilimia moja na iliyonyooka inavyotaka, ni swali lingine.

Sasa oksijeni ipi? Kwenye tetragonali ziko aina mbili. Moja iko kwenye mnyororo wa titani na oksijeni unaoenda sambamba na polaraizesheni, tuiite ya c. Mbili zilizobaki kwenye kila fomyula ziko pembeni, tuziite za ab. Zote mbili lazima uzipige maana hazifanani hata kidogo, ile ya c ina upande mfupi na upande mrefu kwa titani zake, ukiing'oa unakata mnyororo wenyewe wa polaraizesheni. Park na Chadi walionyesha mwaka 1998 kwamba kwenye mnyororo huo dipoli za pande mbili za pengo zinaweza kupeana mgongo, na ukifikiria inaingia akilini, pengo lina chaji chanya, titani za pande zote mbili zinafukuzwa, kila moja inakimbilia upande wake. Kwenye rombohedrali ya BaTiO3 una bahati, oksijeni zote ni sawa, unatoa yoyote. Kwenye HfO2 ya orthorombiki kuna aina mbili, zenye majirani watatu na zenye majirani wanne, fanya zote.

Kwa chaji, pengo la oksijeni piga 0, +1 na +2. Kwenye Quantum ESPRESSO ni kuandika tot_charge = 2 kwa +2, kwenye VASP unapunguza NELECT kwa elektroni mbili. Hapa watu wanakosea ishara mpaka aibu, chaji chanya ni elektroni pungufu, kwa hiyo NELECT inashuka. Washa spini hata kama unaona haihitajiki, sababu elektroni moja ikikaa kwenye titani ikawa Ti3+ huwezi kuiona ukiwa umezima.

Alafu kabla hujabonyeza kitufe tikisa atomu. Kweli, zitikise, kila atomu iliyo karibu na pengo isogeze ovyo ovyo angstromu 0.05 mpaka 0.1, ASE, maktaba ya Python, inafanya hivyo kwa mstari mmoja na kuna ShakeNBreak ambayo ni maalumu kwa kazi hii. Usipotikisa atomu zinakwama kwenye simetria uliyoanza nayo, nguvu zote zinaonekana ni sifuri na programu inakwambia nimemaliza, na haijamaliza kitu. Anza na mitikisiko minne mitano tofauti, chukua yenye nishati ya chini. Lakini shika neno hili, kwenye feroelektriki mtikisiko mkubwa mno unaweza kuangusha mnyororo mzima ukageuka, ndo maana hatua inayofuata ni ya lazima.

Kagua mwenyeji (fuwele inayobeba kasoro)

Hii ndo hatua ninayoiona imerukwa kila mara, na kusema kweli skripti yake ni mistari thelathini ya Python. Baada ya atomu kutulia, pitia kila titani, tafuta oksijeni zake sita, piga wastani wa mahali zilipo, alafu toa wastani huo kwenye mahali titani ilipo. Huo ndo mhamo wa titani. Kwenye PbTiO3 safi titani inakaa kama angstromu 0.3 kutoka katikati ya oksijeni zake na risasi inahama zaidi ya hapo. Titani zilizo jirani na pengo zina oksijeni tano, hizo ziweke kando. Zilizobaki zipange kwa umbali kutoka kwenye pengo na uangalie.

Unachotaka kuona ni kwamba za mbali zina mhamo ule ule wa fuwele safi, ishara ile ile, upande ule ule. Zikiwa hivyo basi mwenyeji ametulia na tofauti ya nishati ni ya kasoro. Zikiwa zote zimeongezeka au zimepungua kwa kiasi kile kile, mwenyeji amesogea, rudi kwenye fezi na fankishonali. Zikiwa zimegeuka upande kwenye nusu ya seli, hapo usikimbilie kusema ni uongo, inaweza ikawa ndo ile ya kupeana mgongo na ni fizikia ya kweli, ila kwenye seli yenye fomyula tatu tu kwenda juu huwezi kujua, kwa sababu pengo linajiona lenyewe kupitia nakala yake ya juu na ya chini. Refusha upande wa c peke yake, 3×3×4 ni atomu 180 kabla hujatoa oksijeni na 3×3×5 ni 225, uone kama eneo lililogeuka linabaki na ukubwa ule ule au linarefuka pamoja na seli. Likirefuka unahitaji kulinganisha na fuwele safi yenye domeini mbili (maeneo yenye polaraizesheni za pande tofauti), sio yenye domeini moja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisipige tu polaraizesheni kwa fezi ya Berry (fezi ya mawimbi ya elektroni, sio fezi ya fuwele), ile ya King-Smith na Vanderbilt ya 1993. Kwenye fuwele safi piga, ni lazima hata. Kwenye supaseli yenye chaji jibu linategemea umeweka wapi chanzo cha kuhesabia, na kwenye supaseli iliyogeuka metali haipo kabisa, kwa hiyo mhamo wa atomu ndo rafiki yako. Ukitaka namba ya polaraizesheni zidisha mihamo na chaji fanisi za Born za fuwele safi (zinaeleza polaraizesheni inabadilika kiasi gani atomu ikisogea). Usitumie +4 ya titani ya kwenye vitabu vya shule, kwenye BaTiO3 chaji fanisi ya titani ni kama +7 na ya oksijeni iliyo kwenye mnyororo ni karibu −5.7. Ukitumia +4 utapata polaraizesheni ndogo mno.

Kukusanya namba

Mlinganyo wa nishati ya kasoro (Ef) ni ule ule wa kila mtu:

Ef = E(kasoro, chaji q) − E(fuwele safi) − Σ n·μ + q·(kilele cha bendi ya valensi + levo ya Fermi) + sahihisho

μ ni potensheli ya kikemia, yaani bei ya nishati ya atomu moja, na n ni idadi ya atomu, hasi kwa uliyotoa, kwa hiyo ukitoa oksijeni moja unaongeza μ ya oksijeni. Potensheli za kikemia ndo zinazobeba mazingira ya tanuru. Jumla ya μ za Pb, Ti na O tatu lazima ilingane na PbTiO3, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kupanda mpaka PbO au TiO2 ianze kujitenga, kwa hiyo piga na hizo mbili pia, kwa fankishonali ile ile. Oksijeni inategemea joto na shinikizo: kwenye atimosfia moja na kelvini 1000, μ yake inashuka eV 1.10 chini ya nusu ya molekuli ya O2 ya kelvini sifuri, na kila ukipunguza shinikizo mara kumi kwenye joto hilo inashuka tena kama eV 0.1. Kwa hiyo tanuru lenye oksijeni ya atimosfia 10⁻¹⁰ limepunguza nishati ya pengo kwa eV 2 hivi kuliko ile namba ya oksijeni tele ambayo wengi wanaionyesha peke yake. Chora grafu mbili angalau, oksijeni tele na oksijeni haba.

Sasa sahihisho la chaji, ambalo kwenye feroelektriki lina utamu wake. Nakala za kasoro yenye chaji zinasukumana kupitia mipaka ya seli, na unaondoa hilo kwa njia ya Freysoldt, Neugebauer na Van de Walle ya 2009, au bora zaidi huku ile ya Kumagai na Oba ya 2014, maana inakubali tensa ya dielektriki (jinsi fuwele inavyopunguza nguvu ya chaji) isiyo sawa pande zote na feroelektriki haiko sawa pande zote. Programu za doped na pydefect zinakufanyia. Swali ni unaipa dielektriki ipi. Chukua pengo la +2 kwenye seli ya angstromu 12: ukiweka 6, ambayo ni ya elektroni peke yake, sahihisho rahisi la chaji ya nukta linatoka kama eV 1.13, ukiweka 30 linatoka eV 0.23. Tofauti ya eV 0.9 kwa sababu ya namba moja kwenye faili! Kanuni ni kwamba kama atomu zimeachwa zitulie, weka dielektriki kamili, ya elektroni pamoja na ya ayoni. Ya elektroni peke yake ni kwa zile hesabu ambazo chaji inabadilika ghafla na atomu hazijapata muda wa kusogea. Na hapa fezi inarudi kukudai: kama mwenyeji wako ana fononi za kufikirika, dielektriki ya ayoni haina maana, inaweza kutoka hasi, na wapo wanaochukua thamani kamili wakaendelea kama kawaida. Usifanye hivyo.

Njia ya kujihakikishia ni moja, piga seli mbili za ukubwa tofauti, sahihisha zote. Zikikaribiana ndani ya eV 0.1 endelea.

Chuma na pengo wakikaa pamoja

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Fe3+ ikikaa kwenye kiti cha Ti4+ ina chaji pungufu kwa moja, pengo la oksijeni lina +2, wanavutana, wanakaa jirani na kutengeneza dipoli yao ndogo ndani ya fuwele ambayo tayari ina polaraizesheni. Piga mikao mitatu: dipoli hiyo ikielekea upande mmoja na polaraizesheni, ikielekea kinyume, na ikikaa pembeni. Anza Fe na sumaku ya 5 µB ya spini ya juu usije ukaangukia hali nyingine, na kwenye kila mkao pitisha ile skripti ya kukagua titani, hasa mkao wa kinyume, maana huo ndo unaopenda kugeuza mwenyeji mzima ili uwe sambamba, na ukigeuka umepata tena mkao wa kwanza kwa jina lingine. Dalili ni nishati mbili zinazolingana mpaka meV. Tofauti kati ya sambamba na kinyume ndo inayokueleza kwa nini kifaa kilichozeeka kinapenda upande mmoja na kinarudi hapo hata ukikigeuza: polaraizesheni inageuka mara moja, pengo linachelewa kuhama.

Nguvu ya kushikana unaipata kwa kutoa nishati za Fe peke yake na pengo peke yake kutoka kwenye ya wawili wakiwa pamoja, hakikisha tu chaji zinajumlishika.

Kuhama, na kuta za domeini

Pengo linachelewa kiasi gani? Hapo unatumia NEB (njia ya kutafuta kilima cha nishati ambacho atomu inakivuka ikiruka, kwa msururu wa picha za njiani) yenye picha ya kupanda kileleni, oksijeni jirani inaruka kuingia kwenye pengo ikifuata ukingo wa oktahedra, picha 5 au 7 zinatosha. Kwenye titaneti za perovskaiti vilima vya eV 0.6 hadi 0.7 ni vya kawaida. Kilima cha eV 0.65 kwenye kelvini 300 na mtetemo wa 10¹³ kwa sekunde ni miruko zaidi ya mia kila sekunde, cha eV 0.9 ni mruko mmoja kwa dakika mbili hivi. Kwa hiyo kosa la eV 0.25 linageuza hadithi nzima. Kwenye tetragonali kuruka kutoka ab kwenda c na kurudi sio kilima kile kile, ripoti vyote viwili. Na kila picha ya NEB ni supaseli, kila moja ikaguliwe titani zake, nimeshaona picha ya tatu ikiwa na mnyororo uliogeuka na kilima kikaonekana kirefu kwa sababu hiyo tu.

Kuta za domeini ziache mpaka hayo yote yawe yamekaa sawa. Anza na ukuta wa nyuzi 180 wa PbTiO3, supaseli ndefu kwenda pembeni yenye kuta mbili maana mipaka inayojirudia haikubali mmoja. Meyer na Vanderbilt walipata mwaka 2002 nishati ya mJ 132 kwa mita ya mraba ukuta ukipita kwenye safu ya risasi, na 169 ukipita kwenye safu ya titani, kwa hiyo ukuta wako safi ukitoka mbali sana na hapo tafuta kosa kabla hujang'oa oksijeni. Alafu toa oksijeni ukutani, toa nyingine katikati ya domeini kwenye supaseli hiyo hiyo, linganisha. He na Vanderbilt walifanya hivyo 2003 wakakuta pengo linapenda kukaa ukutani, ndo linavyoukaba ukuta usitembee. Uzuri wa kulinganisha ndani ya supaseli moja ni kwamba μ ya oksijeni inajifuta na sehemu kubwa ya sahihisho la chaji pia. Ila angalia ukuta wenyewe uko wapi baada ya kutulia, mara nyingi pengo la katikati ya domeini likiwa fomyula moja au mbili tu kutoka ukutani, ukuta unalifuata lilipo, na unabaki unalinganisha ukutani na ukutani.